Nimepewa warning letter London kwa miti iliyokaushwa na joto la AC

Wakuu, heshima zenu. Hili limenikuta mwenyewe, sijatia chumvi, na hadi naandika hapa bado nina hasira.

Niko London mwaka wa sita. Kazi yangu ni kumwagilia miti michanga ya mitaani huku Tottenham. Msidharau, ina uniform na gari.

Sasa kazini kuna app. Inapiga hesabu ya evapotranspiration, yaani maji yanayotoka kwenye udongo na majani kwenda hewani, halafu inakupangia lita za kila mti. Ukizidisha, unaulizwa.

Kiangazi kilichopita miti minane nyuma ya maduka ikaanza kukauka. Nilikuwa namwaga kila tone nililopangiwa! Supervisor wangu, bwana mmoja anajiona huyo, akanijibu: "App iko sahihi, so wewe ndiye hukumwagilia."

Nikala warning letter. Mimi! Mtoto wa mkulima wa Mbeya!

Jamani, ukisimama pale AC za maduka zinakupulizia mgongoni, feni za majiko ya kuku zinakupulizia usoni, na mabasi yamesimama yananguruma. Lakini app inachukua hali ya hewa ya kituo kilichopo park, katikati ya nyasi. Joto tunalolizalisha sisi binadamu haina habari nalo kabisa.

Nikasema poa. Nikachukua ndoo mbili za mchicha kutoka balcony, nikazimwagilia zikawa na uzito sawa. Wife akaja juu: "Mizani ya kupimia mabegi ya Dar ndo unapimia matope?" Nikamwambia tulia mama.

Ndoo moja nikaiweka park, nyingine nyuma ya maduka. Nikapima asubuhi na jioni, wiki nzima, na picha juu.

Ya madukani ilikuwa inapoteza maji hadi aibu. Nikamtumia supervisor email yenye vipimo vyote.

Mnajua kilichofuata? App ikarekebishwa, mtaa ule sasa unapata maji zaidi. Supervisor akapigiwa makofi kikaoni kana kwamba yeye ndiye aliyepima, mimi nimekaa nyuma namwangalia tu.

Nikamuuliza, na barua yangu je?

"Ile inabaki. Siku uliyopewa, kwa hesabu za app wewe hukumwagilia."

Aisee!

Funzo: mashine ikikataa unachokiona kwa macho, pima na utume email kabla hawajakuandikia. Mimi nilichelewa.

Mliowahi kufutiwa warning huku, nipeni njia. Na nyie wa "rudi nyumbani ukalime", leo nipisheni.