Tovuti Yetu na Simu ya Shangazi

Jamani, leo duka letu limefungwa na maongezi ya shangazi!

Mnakumbuka ba'mdogo alivyohangaika kutafuta wa kumwekea tovuti ya samani zake za Temeke? Tulimpelekea kampuni yenye jenereta na mafundi wa zamu. Akaikataa.

"Hao siwajui kwao. Tovuti ikizimika nitamgombeza nani? Ndugu unamfuata mpaka sebuleni."

Basi kazi akampa binamu yangu wa Kinondoni, mtoto wa shangazi. Tovuti nzima ikawa inakaa kwenye kompyuta ya chumbani kwake, inategemea waya wa simu ya nyumbani.

Leo mteja kapiga kutoka Maskati. Anataka vitanda vya nyumba nzima, ila tovuti haifunguki tangu asubuhi.

Ba'mdogo akawaka! Njia nzima kwenda Kinondoni anapanga maneno ya kumwaga.

Tukaingia sebuleni. Shangazi, dada yake mkubwa, yuko kwenye simu anapanga sare za harusi. Na yeye akishika simu, tovuti inakatika.

Nikajisemea, leo patachimbika.

"Shikamoo, dada," akasema ba'mdogo, akaketi.

Shangazi akamnyooshea kiganja: subiri.

Tukaletewa chai, ikaisha, yeye bado yuko kwenye rangi ya vitenge.

Alipoweka simu chini akauliza, "Haya, mna lipi?"

"Hamna, dada. Tumekuja kukujulia hali tu."

Nyie mnaosifiaga biashara ya kindugu, hebu nijibuni!

Tulipotoka nje akaninong'oneza: "Mwambie mteja ajaribu mchana. Dada analalaga baada ya adhuhuri."