Kama Hujabatizwa

Niseme wazi kwamba sielewi. Watu wakimwona mama amekasirika hudhani amekwisha kuelewa kila kitu, ndiyo maana anafoka. Mimi nafoka kwa sababu sielewi.

Mwanangu ana selimundu, ugonjwa wa damu unaomkaba viungo na kumletea homa bila kubisha hodi. Alikuwa na miezi kumi na minne na hajabatizwa. Si kwa uzembe wangu. Parokia yetu haimwandikishi mtoto bila barua ya jumuiya, kile kikundi cha sala cha waumini majirani, na jumuiya yetu hukutana kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, Ganjoni, hapa Mombasa, kwenye fleti ya mwenyekiti. Saa hiyo mimi bado nauza vipuri vya magari Makupa. Alhamisi ambazo sikuwa dukani, nilikuwa wodini.

Siku niliyoomba ruhusa nikaenda, nilikuta Biblia zimefungwa, simu zimefunguliwa. Kulikuwa na habari inayozunguka upya kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, kwamba Roma imewaruhusu mapadre kuwabariki hata watu ambao ndoa zao hazijakaa sawa.

"Kanisa linauzwa!" mzee mmoja akasema.

"Halijauzwa bado," akadakia mkewe. "Limekodishwa tu."

Wakacheka. Nikangoja wamalize kucheka.

"Mama mwenyekiti, na barua yangu ya ubatizo?"

"Wewe tumekuona mara ngapi tangu Pasaka?"

"Mtoto alikuwa amelazwa."

"Sote tuna wagonjwa, mwanangu. Na baba yake yuko wapi?"

"Alivuka daraja la Makupa kwenda bara, hajarudi. Nikamtafute kwanza?"

Yule mzee akacheka tena, akidhani natania. Nikawaambia Papa aliyetutoka alikuwa akiwakaripia mapadre wanaowafungia mlango watoto wa akina mama wasioolewa. Mbona habari hiyo haikuzunguka kwenye kundi?

"Hizo ni habari za simu," mwenyekiti akasema, simu yake ikiwa mkononi. "Hudhuria miezi mitatu, barua utaipata."

Miezi mitatu! Nilitaka kumuuliza kama homa nayo itangoja miezi mitatu, lakini wakawa wameanza rozari. Nikapiga magoti na wengine. Nilisali kweli, na nilikuwa na hasira kweli. Sijui Mungu alipokea kipi.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa Ijumaa, watu wakirudi kutoka msikitini. Nimepanga chumba Mji wa Kale, ghorofani, na mwenye nyumba anakaa chini. Ni mama wa Kiislamu aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo. Mtoto alikuwa na joto tangu asubuhi. Nikiwa nashuka naye ngazi ili nimpeleke hospitali, akakakamaa mikononi mwangu. Macho yakageuka meupe. Degedege.

"Mlete hapa!" mwenye nyumba akapiga kelele kutoka uani. "Mbona wasimama? Mvue nguo hizo!"

Akateka maji kwa kopo na kuanza kummwagia mtoto kichwani apoe. Mimi nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, siwezi kushika kitu kingine. Hapo nikakumbuka somo la dini la sekondari: penye hatari ya kifo, mtu yeyote anaweza kubatiza. Maji na maneno, basi. Maji yalikuwa yanamwagika. Maneno nilikuwa nayo. Nikamtaja mwanangu jina, nikasema nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mwenye nyumba alimwaga mara tatu, nami kila alipomwaga nilitaja mmoja. Yeye upande wake alikuwa akisoma dua zake. Kisha tukakimbia hadi mwisho wa kichochoro tukapata tuktuk.

Akapona. Siku nne wodini, akapona. Na nikwambie ukweli, zile siku nne nilikuwa na kiburi kisicho na adabu. Nilijiambia, haya basi, mwanangu amebatizwa, na barua yenu kaeni nayo.

Alipotoka hospitali nilikwenda kwa padre baada ya misa ya asubuhi ili amwandike kwenye kitabu cha parokia. Ni padre kijana, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina. Kaa, mama. Mtoto anaendeleaje?"

Nikamweleza yote. Akawa anaitikia kwa kichwa mpaka nilipofika kwenye kopo.

"Subiri kidogo. Aliyemwaga maji ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Na aliyesema maneno?"

"Mimi."

Akavua miwani. "Hapo pana shida, mama. Anayemwaga ndiye anayepaswa kusema. Mmoja akimwaga na mwingine akasema, ubatizo hausimami."

"Padre, nilikuwa na mikono miwili tu."

"Naelewa."

"Huelewi! Mngetaka nimwangushe?"

Hakukasirika. Akasema hata yule mwenye nyumba angeweza kumbatiza peke yake, angemwaga na kusema mwenyewe, akikusudia kufanya linalofanywa na Kanisa. Asiyebatizwa anaweza kubatiza. Nikamtazama nione kama anatania.

"Yaani Mwislamu peke yake, ubatizo ungesimama. Lakini mimi Mkatoliki nikisaidiwa na Mwislamu, hausimami?"

"Ukilisema hivyo linasikika vibaya."

"Nilisemeje, Padre, lisikike vizuri?"

Akavaa miwani tena. Nikauliza swali lenyewe. "Kama angekufa Ijumaa ile?"

"Tungemkabidhi kwa huruma ya Mungu. Mungu hafungwi na sakramenti zake."

"Kama yeye hafungwi, mbona mimi nafungwa?"

Padre alisema hajui kunijibu vile ningependa, ila Jumamosi nimlete mtoto. Barua ya jumuiya haihitajiki, atazungumza na mwenyekiti mwenyewe. Na kwa kuwa kuna mashaka juu ya kile kilichotokea, atasema hivi: kama hujabatizwa, nakubatiza.

Nilipomsimulia mwenye nyumba, alishika kifua.

"Astaghfirullah! Mie nibatize? Wataka niende nikajibu nini huko mbele? Mie nilimpoza joto tu, Wallahi."

"Ndivyo nilivyomwambia padre."

"Na wewe wala hukuniambia wafanya nini!" Akanikazia macho, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Haya nenda, mpeleke. Mtoto mgonjwa hanyimwi dua. Lakini mie usinitie humo."

Hakuna aliyenisaidia kuamua. Ile Ijumaa ndiyo siku niliyosali kuliko siku zote za maisha yangu, na sasa nilitakiwa kukiri kwamba huenda haikuwa kitu. Nikikataa ile "kama", nimetetea sala yangu, lakini mtoto ndiye atakayebaki na mashaka. Nikiikubali, ni kama namwambia kwamba mama yako alibabaika tu. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo kazini nikampa mteja breki za gari jingine.

Jumamosi nilikwenda. Padre, katekista, dada yangu kama mama wa ubatizo, na mtoto aliyekuwa akivuta stola ya padre, ule mkanda wa ibada wa shingoni. Padre akauliza lile swali la kwenye kitabu chake, naomba nini kwa Kanisa kwa ajili ya mtoto huyu.

Nikamhamishia mtoto begani. Katekista akakohoa. Dada yangu akaninong'oneza jibu, akidhani nimelisahau. Sikulisahau. Nilitaka kusema kwamba kile ninachokiomba nilikwisha kukichukua uani kwa mtu, na ninyi ndio mnaonipokonya. Mtoto alikuwa wa moto kidogo begani mwangu. Huenda ni joto la Mombasa tu, huenda ni ile homa inaanza. Kwake mimi sijui kutofautisha mpaka dakika ya mwisho.

"Ubatizo," nikasema, kwa sauti iliyomfanya padre ainue macho.

Akamwaga maji mwenyewe, akasema maneno mwenyewe, pamoja na ile "kama". Safari hii mikono yangu ilikuwa na kazi moja tu, nikamshika mwanangu barabara huku nikilia kwa hasira. Dada yangu akaniambia ni furaha. Sikubishana naye.