Kipande cha Njia Kisichokuwa na Mtu

Ndugu zangu, mimi nilimtafuta mbaya wangu mbele ya kijiji kizima. Na nikampata.

Natamani nisingempata.

Naitwa Fanueli. Naishi juu kidogo ya mji wa Lushoto. Shule niliianza ukubwani, masomo ya jioni, nikafaulu kidato cha nne nikiwa tayari na wajukuu. Kijijini mtu akitaka barua ya kupeleka ofisini, anakuja kwangu. Kwa hiyo nilikuwa najisikia, sitaficha.

Asubuhi moja nilikuwa nateremka na baiskeli, tenga la matunda ya plamsi nyuma, kwenye njia ya baiskeli iendayo sokoni. Ukungu ulikuwa umeshuka. Mara gurudumu la mbele likazama.

Nikaruka juu ya usukani, nikatua kwenye mawe.

Plamsi zikatawanyika bonde zima. Mfupa wa bega, kwisha habari yake.

Maji ya mvua yalikuwa yamekula njia, nyasi zikafunika shimo. Kazi ya jembe, asubuhi moja tu, na mtu kazembea.

Njia ile tunaitunza kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya Jumamosi. Kila kaya ina kipande chake. Na sheria ndogo ya kijiji inasema, kipande chako kikimuumiza mtu, utamtibu wewe.

Nikasema, huyu atanitambua.

"Baba Paskali, liache hili," mke wangu Secilia aliniambia huku akinifunga kitambaa cha kuning'iniza mkono. "Bega litapona."

"Mama Paskali, mambo ya sheria niachie mimi."

Akachukua fimbo yake, akaenda jikoni. Tangu masika nyonga ilikuwa inamsumbua.

Nikapeleka madai kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, Devotha. Nilidai fidia. Tena nikadai mzembe huyo asimamishwe pale pale kwenye shimo, watu wote wamwone.

Devotha alisoma, akaikunja karatasi.

"Mzee wangu, hatuwezi kuyamaliza kimya kimya? Tuchange wote, utibiwe, yaishe."

"Unamficha nani?"

"Simfichi mtu, mzee."

"Basi iwe hadharani."

Mansuri, fundi baiskeli, alikuwa pale barazani. "Mzee Fanueli, mimi ningekuwa wewe ningerudi kwanza nyumbani nikaongee na mama."

"Wewe kazana na spoku zako!"

Jumamosi ikafika. Kijiji kizima kikaenda njiani. Mimi nikapanda juu ya kingo, mkono umening'inia, miwani puani, kama hakimu.

Devotha akapaza sauti: "Kila kaya isimame kwenye kipande chake!"

Watu wakajipanga, kutoka kanisani mpaka darajani. Majembe begani, bega kwa bega.

Mahali pamoja tu pakabaki wazi. Pale kwenye shimo.

"Mnaona?" nikafoka. "Kajificha! Mwoga! Mwenyekiti, mtaje jina!"

Mansuri aliinamisha kichwa. Devotha akageukia upande wa bonde.

Ndipo nikasikia fimbo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Secilia alitokea nyuma yangu. Akanipita bila kunitazama, akachechemea mpaka kwenye shimo, akageuka, akasimama.

"Ni hapa petu, mwenyekiti. Kaya ya Fanueli."

Jamani.

Miaka yote yeye ndiye aliyetoka na jembe Jumamosi, mimi niko mezani na vitabu. Nilijua anakwenda msaragambo. Sikuwahi kuuliza anasimama wapi.

Na masika yale aliniambia: "Nyonga imekataa. Jumamosi hii nenda wewe."

Nikamjibu nina kitabu cha kumalizia.

"Mzee," Devotha akauliza taratibu, "madai yako bado yapo?"

Mimi, mwandishi wa barua za kijiji kizima, nikavua miwani. Uso uliniwaka moto. Nilitamani shimo lile linimeze, baiskeli na yote.

Nikateremka kwenye kingo. Nikaenda kusimama kando ya mke wangu, kwa mara ya kwanza tangu njia ile ichongwe.

Secilia akaninong'oneza: "Sogea huku. Utaanguka tena."

Wa karibu walisikia. Wakacheka. Nami nilistahili.

Siku hizi Jumamosi nipo pale mapema, na jembe langu. Bega halijanyooka vizuri. Vijana wakipita na baiskeli wanapiga kengele:

"Shikamoo, Mzee Fidia!"

"Marahaba," naitikia. Nifanyeje?

Wewe unayesoma hapa, huenda nawe kuna mzembe unayemtafuta, umeshapandisha sauti kabisa. Sikukatazi. Ila kabla hujamwita hadharani, rudi nyumbani umuulize anayekupikia: hivi, kipande chetu ni kipi?

Mimi niliulizia mbele za watu. Jibu likaja na fimbo.