Kutoka Nadi hadi Apia

Juzi nilimkuta binti yangu akitazama safari za ndege kwenye simu: Nadi, Fiji, hadi Apia, Samoa, chini ya saa mbili angani. Nikakunja uso kabla hata sijajua kwa nini.

Nikiwa mtoto, alasiri moja ya baridi, tulikuwa kwenye nyumba yetu ya Lawrence Heights, Toronto. Baba alikuwa anakaanga dagaa, madirisha wazi ili harufu itoke, na jirani yetu, mzee wa Fiji, anakunywa chai jikoni. Alituambia kwa Kiingereza kwamba safari hiyohiyo aliimaliza kabla usingizi haujamkolea.

Nikaiendea ramani ya dunia ukutani. Fiji ilikuwa mwisho kabisa wa kulia, Samoa mwisho wa kushoto. Nikapima umbali kati ya visiwa hivyo kwa shibiri, kama Mama alivyopima vitambaa vya wateja kule Kigoma. Kisha nikapima Kigoma hadi Toronto. Haikufika hata nusu.

"Baba, mbona Mama hafiki? Ndege yake haimalizi hata saa moja."

"Tatizo si ndege, mwanangu. Ni vibali."

"Wewe ndiye hutaki aje."

Dagaa wakaungua, na yule mzee, asiyejua Kiswahili, akaendelea kutabasamu.

Sasa najua ramani ile ilikatwa katikati ya bahari, na visiwa vile ni majirani. Mama alikuja nikiwa nimeshampita kimo. Pale uwanja wa ndege alinipita, akaendelea kutafuta mtoto.