Sare ya Chakula cha Jioni

Kosa lilikuwa la neno moja, na mimi maneno ndiyo niliyofundisha darasani miaka thelathini. Binti yangu, kitindamimba, ni mhudumu wa ukumbi wa chakula katika meli moja ya watalii. Aliniandikia kwenye simu kwamba wafanyakazi wanaruhusiwa kumleta mzazi mmoja kwa safari moja, na kwamba mimi nitapandia Zanzibar na kushukia Durban. Mwishoni akaongeza: "Kuna jioni mbili za mavazi rasmi. Wewe vaa gauni zuri, mama. Mimi nitakuwa na sare."

Sasa niambie, mtu wa Tabora akisikia sare anawaza nini? Kwetu hakuna harusi bila sare, hakuna kipaimara bila sare, na siku hizi hata msiba una kitambaa chake. Kamati inaweza kukosa nyama, lakini kitambaa kitapatikana. Sare ndiyo inayomwambia mgeni kwamba hawa ni wa ukoo, na wale wamekuja kula tu. Mwanangu alikosa harusi ya kaka yake kwa sababu ya hiyo meli. Kwenye picha tumejipanga wote na kitenge cha rangi ya dhahabu, na pengo lake halionekani ila kwangu. Nilikuwa sijakaa naye meza moja miaka mitatu. Nikasema haya, mtoto mwenyewe ametaka sare. Kitambaa hakukitaja, maana yake ameniachia mimi mama yake.

Nikaenda sokoni nikanunua kitenge pea mbili, cha zambarau chenye maua ya njano, nikampelekea fundi wangu. Vipimo vya binti alikuwa navyo bado kwenye daftari. Aliniuliza kama huko melini watu hawanenepi. Nikamwambia aache pindo la kutosha kwa ndani na asitie maneno. Wiki ile kila aliyepita kwenye kibaraza chake alisimuliwa kwamba mama na mwana watakula na nahodha wakiwa na sare. Nahodha sikuwa nimemtaja, lakini sikumsahihisha fundi, maana mtu kumsahihisha fundi kabla hajamaliza mshono ni kujitafutia balaa.

Babu zetu Wanyamwezi walitoka hapahapa kwa miguu mpaka pwani, na pembe za ndovu za wenyewe kichwani, na njia nzima ile hakuna aliyewauliza jioni watavaa nini. Mimi nilikwenda kwa treni mpaka Dar es Salaam, kisha kwa boti, na sanduku nililipakata mpaka Zanzibar nisije nikakunja mabega ya magauni.

Melini nikakuta karatasi kitandani. Jioni za mavazi rasmi, mwanaume suti nyeusi, mwanamke gauni refu au vazi la taifa lake. Kaptura, kandambili na kofia marufuku, na atakayekaidi hataingia ukumbini. Niliisoma mara tatu. Nimewahi kuwasimamisha watoto mstarini kwa kutochomekea shati, sikatai, lakini sijawahi kumnyima mtoto uji kwa ajili ya shati. Na hilo vazi la taifa, jamani, Watanzania tumelitafuta mpaka tumechoka.

Alasiri binti alipata mapumziko mafupi akaja chumbani kwangu. Shikamoo, marahaba, tukakumbatiana, tukalia kidogo. Kisha nikafungua sanduku nikamtandikia gauni lake juu ya kitanda, na langu pembeni. Alilichukua akajipimia kifuani mbele ya kioo, akacheka, halafu kicheko kikaisha katikati.

"Mama," akasema, akishika kizibao cheusi alichovaa juu ya shati jeupe, "sare niliyosema ni hii. Wahudumu hatukai na abiria mezani. Ni sheria ya kazi."

Nikamuuliza kama sheria hiyo inajua kwamba mimi ni mama yake. Akasema inajua, ndiyo maana aliomba apangiwe meza yangu, aweze angalau kuniletea chakula. Nilikasirika, sitaficha. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia meli, na zaidi nilijikasirikia mimi, mwalimu mzima niliyeshindwa kuuliza sare gani. Gauni lake nikalikunja nikalirudisha sandukuni.

Jioni ya kwanza nilivaa langu peke yangu, na loh, nilitamba. Kitenge cha sokoni Tabora kikapokelewa kama vazi la taifa bila kikao cha kamati yoyote. Mama mmoja wa Kizungu wa meza yetu, mwenye gauni la kumetameta, alinibusu mashavu yote mawili, akaniita malkia, akaniuliza maua yale yana maana gani katika mila zetu. Nikamwambia yana maana kwamba ya bluu yalikuwa yamekwisha dukani. Hakuamini. Akataka tupige picha, mimi katikati. Binti yangu wakati huo alikuwa nyuma ya kiti changu na jagi la maji, na yule mama akamwashiria kwa vidole viwili asogee asiharibu picha. Mwanangu akasogea. Alisogea haraka na kwa adabu, na mimi nikabaki natabasamu maana mpiga picha alikuwa ameshahesabu tatu. Tabasamu lile linaniuma mpaka leo.

Jioni ya pili nilikiacha kitenge chumbani. Nilikuwa nimekuja na sare ya kwaya ya kanisa letu la Moravian, sketi nyeusi, blauzi nyeupe na skafu nyeusi ya shingoni, nikidhani Jumapili kutakuwa na ibada. Nikaivaa. Kama mtoto hawezi kuvaa ya kwangu, basi mimi nitavaa ya kwake. Mlangoni walinitazama mara mbili, lakini sketi ilifika kwenye vifundo vya miguu, wakaniacha nipite.

Sikuwa hata nimeketi mezani. Yule mama wa kumetameta, yuleyule aliyenibusu, aligeuka akaniwekea glasi tupu mkononi, akaomba barafu zaidi safari hii, akaendelea na mazungumzo yake. Hakunitambua. Nikavuta kiti cha pembeni yake nikaketi, glasi yake nikaiweka mbele yangu. Akaanza kumtafuta msimamizi kwa macho.

Binti akaja na samaki. Aliponiona vile alisimama wima, sahani mkononi.

"Kaa, mwanangu," nikamwambia.

"Mama, nikikaa nafukuzwa."

Alisema polepole, bila hasira, na nikaona kwamba hata yeye alitaka kukaa, na kwamba jambo lile nililolilia kwa siku mbili yeye amelibeba miaka mitatu, akizunguka meza za watu na njaa yake tumboni. Basi nikasimama mimi. Nikaipokea sahani mikononi mwake, nikachukua uma, nikaanza kula nikiwa nimesimama, bega langu kwenye bega lake, weusi na weupe wote wawili. Ukumbi ukapunguza sauti. Msimamizi akaja mbio kuuliza kama kiti changu kina hitilafu, nikamjibu kwamba kiti ni kizima kabisa.

Binti alikuwa anatazama mbele kama askari wa gwaride, midomo inamtetemeka, sijui kwa kicheko au kilio.

"Mama," akaninong'oneza, "wewe ndiye uliyetukataza kula tumesimama."

"Niliwakataza mlipokuwa na viti," nikamwambia, na nikaendelea kula.