Antoni wa Mkono wa Kushoto

Zanetta alikuwa akizipaka rangi picha za watakatifu tangu aolewe. Karatasi zikitoka mashineni kwa baba mkwe wake, Anzolo, yeye ndiye aliyezitia nyekundu na buluu, na mumewe Bastian akazibeba mgongoni kwenda kuziuza ng'ambo ya milima. Lakini kuchonga mabamba ya shaba ya kuchapia? Wee! Hiyo ilikuwa kazi ya mzee, mpaka macho yake yalipoingia ukungu.

"Sikiliza, mwanangu," Anzolo alimwambia baada ya Noeli. "Antoni wa mazizini, mlinzi wa mifugo, mchonge wewe. Wakulima wakimkubali, kazi inaendelea. Wakimkataa, mashine namuuzia mfua vyuma, yaishe."

Basi Zanetta akachonga: ndevu, kengele, nguruwe miguuni, mkono umeinuliwa kubariki. Alipomaliza akampelekea mzee bamba. Anzolo akalipapasa polepole kwa kidole, huku akitabasamu.

"Ndevu zipo. Nguruwe kanona. Mkono wa kulia, safi kabisa!"

Asubuhi ya mkesha wa sikukuu ya Antoni wakachapa. Zanetta akabandua karatasi ya kwanza, akaguta. Lo! Mtakatifu anabariki kwa mkono wa kushoto! Shaba hugeuza kila kitu, cha kulia kikatoka kushoto, na katika nyumba ile hata paka alilijua hilo. Lakini Zanetta miaka yote alimzoea Antoni wa karatasini, na vilevile alivyomzoea ndivyo alivyomchonga.

"Baba, nimekuharibia," alisema, machozi yakimlengalenga. "Padri hatambariki huyu. Na bila baraka, nani atambandika zizini?"

Anzolo akacheka mpaka akakohoa.

"Umeniharibia nini wewe? Si mimi niliyepapasa nikasifu? Zee zima, nimechonga mpaka mgongo umepinda, leo nadanganywa na kidole changu mwenyewe! Lowanisha karatasi nyingine. Ilaze juu ya hiyo kabla wino haujakauka, uzipitishe pamoja."

Zikapita. Karatasi ya pili ikatoka na Antoni aliyegeuka, mkono wa kulia juu, ila amefifia. Zanetta akashusha pumzi. Kufifia hakukumtisha hata chembe, maana rangi ndiyo kazi yake. Wakaendelea hivyo hivyo, kila karatasi ikizaa mwenzake, na aliyegeuka akapakwa mpaka mashavu yakawaka.

Siku ya pili padri akawanyunyizia watakatifu wale maji ya baraka kanisani bila neno, na wakulima wakawagombania mlangoni.

"Huyu wa mwaka huu kala akashiba!" alisema Menega, mama wa ng'ombe wengi. "Wa mwaka jana alikuwa na homa."

"Wa mwaka jana nilimpaka mimi pia, shangazi."

"Basi ulikuwa umegombana na Bastian!"

Zanetta alirudi nyumbani mikono mitupu, roho kwatu. Walibaki wale wa kushoto tu, wamelala mezani.

"Mmoja wao nibandikie juu ya kitanda," alisema Anzolo, aliyekuwa amejilaza. "Huyo nilimwona kwa kidole, ni wangu. Na mashine haiuzwi." Akampa kile chuma chake cha kuchongea, mpini wake umelika kwa kiganja chake. "Hapo chini ya nguruwe pana nafasi. Chonga jina lako."

Zanetta akaketi, akalivuta bamba, akaweka ncha ya chuma juu ya shaba.

"Kinyumenyume, mwanangu!" mzee akapiga kelele kutoka kitandani. "Kinyumenyume!"