Kutembeza Mpaka wa Nchi ya Kutunga

Shida zangu zilianza mwaka 1971, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa, na jirani yetu wa Ihanja akang'oa ua wa minyaa uliotenganisha mashamba, akalima hadi mlangoni kwetu. Shule niliachia darasa la pili. Kusoma nasoma kwa shida, lakini mambo ya mipaka hakuna wa kunifundisha.

Juzi mjukuu wangu, binti wa chuo, alikuja kwangu Mwankoko likizo. Kutwa yuko kwenye simu anachora mistari.

"Mke mwenzangu," nikamtania, "hiyo ramani ya wapi?"

"Si ya popote, bibi. Ni gemu. Tuko watu sita, kila mmoja na nchi yake. Tumeitunga wenyewe."

Nikavuta kigoda. Akanionyesha milima, mto, na vijiji alivyokuwa akivipa majina kwa miaka miwili. Sasa yeye na kijana mmoja wa Sekenke wanagombea bonde la katikati. Anayesimamia gemu amewapa hadi Ijumaa. Wasipopatana, nchi zote mbili zinafutwa.

"Bondeni wanakaa nani?"

"Hatujaweka mtu."

"Wakiwepo, watakunywa wapi?"

"Bibi, hao ni watu wa kubuni!"

"Wa kubuni hawana kiu?"

Nikamwambia kwetu mpaka hauwekwi na mtu aliyekaa. Majirani wawili wanatembea pamoja. Mmoja anashika kijiti cha mnyaa, mwenzake anafukia. Aliyefukia kwa mkono wake hawezi kusema kesho kwamba hajui. Baba alipanda peke yake, alikuwa na haraka. Ndiyo maana tuliporwa.

"Mpigie huyo mwizi wako."

Kijana akapokea, binti akamwambia niko hapa, akaweka spika. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unamnyang'anya mjukuu wangu bonde?"

Akacheka. "Bibi, nchi yangu ni mchanga mtupu. Ng'ombe wangu wale nini?"

Nikamgeukia binti. "Hilo hukuniambia."

"Hukuuliza!"

Basi wakaanza kutembea kwenye ramani ile ile, yule akiwa Sekenke, huyu pembeni yangu, hatua kwa hatua. Kila kona nauliza: hapa kuna nini? Mwamba. Msitu. Kwenye malisho walibishana hadi chai ikapoa. Mwisho malisho yakaenda kwa kijana, mto ukawa wa wote. Mke mwenzangu alininunia siku nzima, eti nimemuuza. Lakini Ijumaa ilipita na nchi yake ipo. Wenzao waliposikia nani aliwatembeza, wakasema na mimi nipewe sehemu humo kwenye gemu.

Leo, mimi niliyeporwa shamba, ninavyo hivi: nyumba ya vyumba vitano. Ekari kumi na mbili za alizeti. Mashine moja ya kukamua mafuta. Ng'ombe tisa. Kuku, sijawahesabu. Na kijiji kimoja kando ya mto ule, kaya arobaini za watu ambao hadi sasa sijaambiwa wanalima nini.